Je, Wajua? Lori Limelala Uani, Rejeta Inavuja

Tone moja kwa sekunde ni kiasi gani? Zaidi ya lita 4 kwa siku! Piga hesabu mwenyewe: matone 20 hufanya mililita moja, na siku ina sekunde 86,400. Lori dogo la dizeli la zamani hubeba kama lita 13 za maji, rejeta na injini kwa pamoja. Basi hicho kitone unachosema "si kitu" kinalikausha lori zima kwa siku tatu.

Je, wajua maji hayo yanakwenda kupambana na nini? Na moto wa nyuzi 2,000 za sentigredi! Ndilo joto la ndani ya silinda ya dizeli mafuta yanapowaka. Pistoni ya aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, na chuma cha bloku kwa nyuzi 1,200 hivi. Kinachoizuia injini isiyeyuke ni maji, yakisaidiwa na oili.

Na moto huo hauwaki mara mojamoja, bwana. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda inalipuka mara 1,000. Jumla yake milipuko 4,000 kila dakika, na dereva kakaa juu yake anatafuna karanga.

Tena dizeli haina plagi ya kutoa cheche! Hewa hubanwa mpaka inakuwa ndogo mara 17, hata 20, na kule kubanwa peke yake kunaipasha kupita nyuzi 500. Mafuta yakirushwa humo yanawaka yenyewe. Hakuna kiberiti, hakuna waya.

Haya, shika hii. Injini ya dizeli ya nguvu farasi 100 ikivuta kwa nguvu zote humwaga ndani ya maji joto la kama kilowati 50. Hilo ni joto la birika za umeme 25, zote zimewashwa kwa pamoja, zote zinachemka. Rejeta inalitoa lote nje, na wala huisikii ikilalamika.

Bado unabisha? Mtambo wa umeme wa Hale, kwenye Mto Pangani, ulianza kazi mwaka 1964 na una uwezo wa megawati 21. Malori 420 yenye injini ya namna hiyo yakikaza mwendo kwa wakati mmoja, joto linalotoka kwenye rejeta zao lingelingana na umeme wote wa Hale! Mto mzima unaporomoka kule, huku malori yanapuliza hewa ya moto tu.

Je, wajua kila lita ya dizeli unayochoma inaacha ndani ya maji ya rejeta joto la kutosha kuchemsha kama lita 30 za maji? Hiyo ni chai ya hitima nzima. Na tunaitupa barabarani.

Twende Lushoto kidogo. Kutoka Mombo ni kilomita 33 hivi za kona, na unapanda karibu mita 1,000. Kwa hesabu ya darasani, kuliinua lori la tani 7 mpaka juu kunahitaji nguvu iliyomo ndani ya lita 2 tu za dizeli. Lakini lori litakunywa zaidi ya lita 5! Zile nyingine zimekwenda wapi? Sehemu imetokea ekzosi, sehemu imepita kwenye rejeta. Ndiyo maana ukipita Soni unakuta lori limefunguliwa kabini, utingo kashika kidumu.

Na huko juu maji yenyewe yanakuwa mepesi wa kuchemka. Tanga mjini, usawa wa bahari, yanachemka kwa nyuzi 100. Lushoto, kama mita 1,400 juu, yanachemka kwa nyuzi 95 hivi. Mama wa Lushoto anayeona maharage yake hayaivi upesi hajakosea, mlima ndio unaomdhulumu.

Panda zaidi! Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji ya wazi huchemka kwa nyuzi kama 81. Themostati ya injini nyingi za dizeli hufunguka kwa nyuzi 82. Yaani ungelifikisha lori lako kileleni bila mfuniko wa rejeta, maji yangechemka kabla themostati haijaamka.

Mfuniko, mfuniko! Je, wajua kile kifuniko kidogo ndicho kinachobadilisha sheria? Kiangalie kwa juu, utaona kimeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo presha kinayoizuia. Chenye 0.9 kinayafanya maji matupu yasichemke mpaka yafike nyuzi 119! Sasa mtu anachukua mfuniko uliolegea springi, au anaziba kwa kitambaa na mfuko wa nailoni, halafu anashangaa lori linachemsha Segera.

Na hapo ndipo pana hatari yenyewe. Maji ya nyuzi 110 yaliyofungiwa yametulia kabisa, hayatoi hata povu. Fungua mfuniko, presha inatoka, na papo hapo sehemu yake inageuka mvuke. Lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke! Huo mvuke unakwenda usoni kwako, ndugu yangu. Injini ikiwa ya moto, mikono mfukoni.

Lakini cha kuchekesha ni kwamba presha yenyewe ni ndogo kuliko ya tairi la baiskeli yako. Ndiyo maana fundi wa rejeta hahitaji mtambo wa ajabu kutafuta tundu. Anaziba midomo, anaichovya rejeta kwenye pipa la maji, anajaza upepo kidogo kwa pampu, na mapovu yanamwonyesha mgonjwa alipo. Tanga, mji wa baiskeli, kila mtoto ameshaona kazi hii ikifanywa kwa tyubu.

Je, wajua safari ndefu ya kwanza ya gari duniani ilikuwa safari ya kuomba maji? Mwaka 1888 Bertha Benz aliondoka Mannheim na wanawe wawili kwenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, karibu na umbali wa kutoka Tanga hadi Korogwe. Gari la mumewe halikuwa na rejeta. Maji yalichemka na kupotea hewani, kwa hiyo mama yule alisimama njia nzima kuongeza. Mafuta alinunua duka la dawa!

Rejeta yenye sura ya sega la nyuki ilikuja na Mercedes ya mwaka 1900, kazi ya Wilhelm Maybach. Ilikuwa na vijibomba 8,070. Ndiyo, elfu nane na sabini! Kila kimoja kilikuwa na upana wa milimita 6 kwa 6. Maji yaliyohitajika yakashuka kutoka lita 18 hadi 9. Mtu aliyekaa kuviunganisha vyote hivyo kwa lehemu, mimi ningempa medali kabla ya dereva.

Ford Model T nazo zilitengenezwa zaidi ya milioni 15, na karibu zote hazikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe, ya baridi yakashuka, mzunguko ukaendelea. Na Volkswagen Beetle, zaidi ya milioni 21, hazikuwa na rejeta kabisa! Zilipozwa kwa upepo. Mwenye Beetle hajawahi kulala njiani kwa kukosa kidumu cha maji.

Mwaka 1893 ulikuwa mwaka gani huu? Februari, Rudolf Diesel akapewa hataza ya injini yake huko Ujerumani. Mwaka huohuo hapa Tanga ikaanza kujengwa reli ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Na mwaka huohuo tena Richard Hindorf akaleta mkonge pwani yetu: miche 1,000 ilitoka Florida, ikafika hai 62 tu! Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yote unayoyaona ukipita Muheza, Korogwe na Pangani.

Reli iliyoanza Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Dizeli haikuingia kwenye malori mpaka miaka ya 1920, Wajerumani wakiwa mbele. Kwa hiyo treni ya Tanga ni mzee kuliko lori lolote la dizeli duniani. Mheshimu.

Je, wajua injini ya dizeli iliwahi kuonyeshwa kwa watu ikiwa inanywa mafuta ya karanga? Paris, mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Ilifanya kazi vizuri, na waliotazama wengi hawakujua kilichomo ndani ya tangi.

Na ukidhani kungoja spea kutoka Dar es Salaam ni adhabu, sikiliza hii. Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari tarehe 10 Agosti 1907, akalenga pwani ya pili ya Afrika. Aliingia Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Siku 630! Sehemu kubwa ya muda huo hakuwa anaendesha, alikuwa anangoja spea na mafuta.

Turudi uani, rejeta itoke. Boliti chache, mpira wa juu, mpira wa chini, kava la feni, na mzigo unanyanyuka. Uinue juu uutazame kwa kupitisha mwanga wa jua. Pale unapoona jua, hewa inapita. Pale penye giza pamejaa vumbi la barabara, mafuta na panzi waliokufa zamani. Rejeta nyingi zinazohukumiwa kuwa mbovu zina uchafu tu wa nje, na maji ya kawaida yasiyo na presha kali, yakipigwa kutoka upande wa injini, yanazifufua.

Sasa tazama yale mapezi, membamba kama karatasi. Tuseme rejeta yako ina upana wa sentimita 50, kimo cha sentimita 60 na unene wa sentimita 5, na mapezi yamepangwa kila milimita 2. Hiyo ni safu 300, kila moja ina pande mbili. Jumla ya eneo: mita za mraba 15! Ni zaidi ya sakafu ya chumba cha futi 12 kwa 12, na umekikumbatia chote kifuani.

Huoni tundu? Tafuta rangi. Rejeta ya shaba inayovuja huacha alama ya kijani au nyeupe ya unga pale maji yanapokaukia. Kijani hicho ni ndugu wa kijani cha Sanamu ya Uhuru ya New York, ambayo ngozi yake ni shaba yenye unene wa milimita 2.4 tu. Iliposimamishwa mwaka 1886 ilikuwa na rangi ya shaba, si kijani hata kidogo.

Shaba hupitisha joto karibu mara tano kuliko chuma! Ndiyo maana wazee walijenga rejeta kwa shaba. Kule Katanga, mamia ya miaka kabla ya gari lolote, watu waliyeyusha shaba wakaifanya misalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha ya biashara. Basi rejeta yako kuukuu usiitupe jalalani. Shaba hurudiwa kuyeyushwa mara isiyo na mwisho bila kupoteza sifa yake, na mnunuzi wa skrepa analijua hilo kuliko wewe. Usikubali bei yake ya kwanza.

Ila viungo vya rejeta hizo za zamani vimeshikwa kwa lehemu ya risasi na bati, inayoweza kuanza kuyeyuka kwa nyuzi 183 tu. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Kazi ya kulehemu ifanyike nje, upepo ukipita, na watoto waende wakacheze mtaa wa pili.

Rejeta mpya unayoitoa kwenye boksi ni aluminiamu, na vichwa vyake vya juu na chini ni plastiki. Plastiki gani? Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, mara nyingi asilimia 30! Nailoni hiyohiyo iliingia sokoni mara ya kwanza mwaka 1938 kama nywele za mswaki. Leo inashika maji ya moto ya lori la tani 7.

Aluminiamu nayo ina historia ya majivuno. Mwaka 1884 Wamarekani walipotaka kuvika ncha ya mnara wa Washington kitu cha fahari, waliuvika aluminiamu, kwa sababu bei yake ilikaribiana na ya fedha. Miaka miwili tu baadaye ikagunduliwa njia ya kuitoa kwa umeme, bei ikaporomoka. Leo tunafungia samaki wa kuoka.

Ukizipima mkononi utacheka. Lita moja ya shaba ina karibu kilo 9, lita moja ya aluminiamu haifiki kilo 3. Ile ya zamani walibeba watu wawili, hii mpya unaibeba kwa mkono mmoja na simu ikiwa sikioni. Usifanye hivyo.

Je, wajua pango la Amboni na rejeta yako vinaumwa ugonjwa mmoja? Maji yanayopita kwenye mawe ya chokaa hubeba chokaa iliyoyeyuka. Pangoni chokaa hiyo huganda kidogokidogo ikawa zile nguzo zinazoning'inia, na watalii hulipa kuziona. Ndani ya rejeta huganda vilevile, haraka zaidi kwa sababu ya joto, na utandu mwembamba tu unatosha kulizuia joto lisitoke. Mapango yale yalichongwa katika mawe ya zaidi ya miaka milioni 100. Rejeta yako haina muda huo.

Basi maji ya kisima cha pwani, kilichochimbwa kwenye mawe ya chokaa au matumbawe, ndiyo mabaya kuliko yote kwa kazi hii. Ya bomba la mjini, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, yanastahimilika. Lakini bingwa anatoka mbinguni bure! Maji ya mvua yaliyokingwa safi karibu hayana chokaa kabisa, na misitu ya Amani kule Muheza hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Maji ya bahari je, si yako hapo Raskazone bwerere? Thubutu! Lita moja ina gramu 35 za chumvi. Ukijaza lita 13, umeipa injini karibu nusu kilo ya chumvi. Meli zinazotia nanga Tanga hupozwa kwa maji ya bahari, ni kweli, lakini huwa hayaingii ndani ya injini: hupita pembeni na kuyapoza maji mengine, matamu.

Na kulanti, yale maji ya rangi ya dukani? Mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri! Tanga tunahitaji hilo kwa lipi? Hatulihitaji kwa lolote, ila dawa zilizomo zinazuia kutu. La ajabu ni kwamba maji matupu hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Yangekuwa hayali chuma, tusingehitaji kitu kingine.

Rangi yake pia isikudanganye. Kijani, waridi, bluu, yote ni rangi iliyotiwa na mwenye kiwanda, na hakuna sheria ya dunia inayosema rangi ipi ni aina ipi. Soma lebo.

Hapa acha kucheka kidogo. Kulanti ya glikoli ni tamu, na utamu huo unaua. Kwa mtu mzima, kama mililita 100 zinatosha, yaani nusu kikombe cha chai. Paka anaweza kufa kwa kama kijiko kimoja tu cha chai! Ukiyamwaga maji ya zamani kwenye beseni, beseni hilo lisiachwe uani hata dakika moja, maana mbuzi wa mjini Tanga hawaombi ruhusa. Na wajua moja ya dawa ambazo madaktari hospitalini hutumia kuokoa aliyekunywa? Alkoholi, kwa vipimo vyao wenyewe, kwa sababu hulizuia ini lisiigeuze glikoli kuwa sumu kali.

Themostati! Kijidude cha ukubwa wa yai, hakina waya wala betri, na kinajua joto. Siri yake ni nta. Ikiyeyuka inavimba kwa zaidi ya asilimia 10, inasukuma kipini, mlango wa maji unafunguka. Ni wazo la Sergius Vernet, la miaka ya 1930. Ipime jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko, na uitazame ikifumbuka kabla maji hayajachemka. Isipofumbuka, iende.

Fundi wako atakwambia uitoe moja kwa moja, "huku kwetu joto". Usimsikilize! Injini inayokimbia ikiwa baridi inachoma dizeli vibaya na kulika upesi. Tena kuna injini ambazo ukitoa themostati maji yanapata njia ya mkato, yanazunguka humohumo bila kupita kwenye rejeta, na lori linachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Nta, nta. Je, wajua nta hiyohiyo ndiyo inayoumiza vichwa vya wahandisi wa Chongoleani, hapo jirani? Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na mafuta yake yana nta nyingi kiasi kwamba yakipoa yanaganda. Kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto, nyuzi 50 na zaidi, njia nzima mpaka Tanga! Wewe unahangaika kupoza, mwenzako anahangaika kupasha.

Kuna waliokwama porini wakatumia akili za jikoni. Yai bichi ndani ya rejeta ya moto: ute wake huanza kuganda kwa nyuzi 60 na kitu, unakimbilia kwenye tundu na kuliziba. Madereva wa India humwaga manjano. Wengine pilipili manga ya kusaga, na Muheza inalima ya kutosha kuziba malori yote ya mkoa! Inakufikisha nyumbani, kisha inaziba na vile vijibomba vizima. Kwa hiyo yai lako ndilo lililokununulia rejeta mpya.

Maumbile yalituwahi katika haya yote. Tembo wa Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005 ambako tembo huonekana hata ufukweni, anapopepea masikio anaendesha rejeta: ngozi nyembamba, mishipa tele, damu ya moto inaingia na kutoka imepoa.

Na nyuki! Joto likizidi ndani ya mzinga huleta maji, huyatandaza, kisha hupepea kwa mbawa mpaka wanarudisha joto la watoto wao kwenye nyuzi 35 hivi. Themostati, maji na feni, vyote wanavyo. Hawa ndio jamaa waliowang'ata askari kwenye mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, ambapo jeshi la Waingereza la watu kama 8,000 lilishindwa na watu kama 1,000 wa upande wa Wajerumani. Waingereza walikuwa na visingizio vingi, lakini hiki cha nyuki kilikuwa cha kweli.

Feni ya lori nayo si ya bure. Ikizunguka kwa kasi yote inaweza kula asilimia 5 ya nguvu za injini, wakati mwingine zaidi. Na lile kava la plastiki linaloizunguka, ambalo watu hulitupa "ili hewa iingie"? Ndilo linaloilazimisha hewa ipite kwenye rejeta! Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni, hewa ya uvivu.

Kuna rejeta iliyowahi hata kusukuma. Ndege ya kivita ya Marekani P-51 Mustang iliwekewa rejeta tumboni, ndani ya njia iliyochongwa kwa ustadi. Hewa iliingia baridi, ikapashwa, ikatoka nyuma kwa kasi, na msukumo wake ukafidia karibu upinzani wote ambao rejeta ilikuwa inauleta. Lori lako halitafanya hivyo, hata ukiteremka Soni.

Haya, uani rejeta mpya imekaa, mipira imefungwa, klipu zimekazwa. Sasa jaza polepole, mfuniko ukiwa wazi, injini ikiunguruma taratibu. Kwa nini polepole? Kwa sababu hewa ikinaswa ndani ni adui mkubwa: kwa ujazo uleule, maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa! Kijibofu kimoja cha hewa juu ya silinda hedi kinatosha kuiunguza gasketi, na hapo bili ya rejeta utaiona kama sadaka.

Je, wajua maji yanavimba? Kutoka nyuzi 30 hadi 90, lita 13 zinaongezeka zaidi ya mililita 400. Ndiyo kazi ya ile chupa ya pembeni. Mfuniko una vali mbili, moja inayaachia maji yatoke kwenda kwenye chupa, ya pili inayavuta yarudi injini ikipoa. Kwa hiyo ukiona yamepanda na kushuka, usipige kelele kuwa umeibiwa.

Na la mwisho la kujaza: fungua hita. Hita gani? Hiyo ya ndani ya kabini! Malori mengi yaliyotoka Japani yakiwa yametumika huko yanazo, kwa sababu ya theluji ya kwao, na maji ya injini hupita humo pia, kwenye kijirejeta kidogo nyuma ya dashibodi. Usipoifungua, hewa inabaki imejificha huko. Tena siku lori likianza kuchemsha mlimani, iwashe hita mpaka mwisho, feni yake ikipiga kwa nguvu: unapata rejeta ya pili bure, inayotoa joto la injini na kulileta miguuni kwako. Februari, Tanga, nyuzi 32 nje, na wewe umewasha hita! Utingo ataruka dirishani, lakini mshale wa joto utashuka.